Bi Luba Aliyekataa Kumbadilisha Kaa

Bado haijaniingia akilini. Leo siku ya nne, na asubuhi nimeshika simu nimtumie Bi Luba picha ya nyuki kwenye mtende wetu. Nimeshafungua jina lake ndipo nikakumbuka.

Jumanne nilikuwa kwenye meeting, Salma binti yake akanipigia. "Rahma, mama katutoka." Moyo ulisimama ghafla. Alikuwa anakunywa chai tu. Kabla ya alasiri alishazikwa, hapa hapa Ibra, Oman.

Kwa msiomjua: Bi Luba alikuwa Mrusi. Kwao aliandika vitabu vya watoto, vya ndege na misitu na theluji. Akaolewa na kijana wa Unguja aliyekwenda huko kusomea kilimo, na mumewe alipowafuata wazee wake Oman, naye akaja.

"Nimeacha msitu mzima nikakuta mtende mmoja uani," alinambia. "Nikasema bas, ntaanza na huo huo."

Kiswahili alifundishwa na mamkwe wake, jikoni. Ndo maana alikisema kama bibi wa Mji Mkongwe, tena vizuri kuliko sisi tuliozaliwa huku. Siku moja nikamwandikia "kitabu yako". Akanipigia makusudi: "Rahma, kitabu changu kina ngeli yake. Kirudishie."

Luba ndilo jina alilotoka nalo kwao. Alipoambiwa luba kwa Kiswahili ni yule mdudu anayekuganda mwilini akakunyonya damu, alicheka mpaka akakaa chini. "Jina zuri! Nikishika siachii."

Na kweli. Ana miaka sabini, utamkuta kalala kifudifudi ukingoni mwa falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, pua karibu iguse maji, anatazama visamaki. Mzee mmoja anakwenda msikitini akashtuka: "Mama, umeanguka?" Akamjibu, "Sijaanguka, baba. Nasoma."

Mimi kazini nachora vipeperushi vya ofisi. Vitabu vyake ndo nilikuwa nachora kwa moyo.

Miaka minne nyuma tuliwapeleka watoto kutazama kasa, kule pwani, mbele ya mji wa Sur. Tuliposali alfajiri tukashuka ufukweni. Vitoto vya kasa vinatoka mchangani, vinakimbilia maji.

Akatokea kaa, akakamata kimoja, akakiburura shimoni kwake. Mjukuu wake Maya, miaka saba, akapiga kelele: "Bibi, kiokoe!"

Bi Luba akapiga magoti, akamshika mabega. "Lia, mwanangu. Mimi pia nalia. Lakini tazama. Na kaa naye ana njaa."

Maya akatazama huku machozi yanamtiririka. Kisha akahesabu vilivyofika majini. Tisa. Hakuna aliyemwambia ahesabu.

Hicho ndo kikawa kitabu. Kiswahili ukurasa huu, Kiarabu ukurasa wa pili. Kitabu bora alichopata kuandika, wallahi, na mimi nimevisoma vyote.

Mchapishaji mmoja wa Maskati akakaa na mswada miaka mitatu. MITATU!

Kila miezi michache inakuja email ya feedback. Kaa avae kofia, awe wa kuchekesha. Kitoto kiponyoke. Watoto wetu hawapendi huzuni. Na ile niliyoichukia kupita zote: funzo liko wapi?

Bi Luba akajibu mstari mmoja: "Funzo ni kwamba kaa alikuwa na njaa."

Nikiri na langu. Nilichoka. Nikamchora kaa na kofia, nikampelekea, nikitumai atakubali yaishe. Akaitazama karatasi. "Kofia nzuri," akasema. "Sasa mvue."

Nikamvua.

Basi juzi, siku ya pili ya matanga, nyumba imejaa wanawake, simu yangu inalia. Mhariri wa yule mchapishaji. Anatoa pole, halafu anasema habari njema, kitabu kipite haraka, kitoke kama kumbukumbu. "Ule ukurasa wa kaa tutaurekebisha kidogo. Mwenyewe keshatangulia, hatokasirika."

Salma alikuwa karibu yangu, akaisikia ile sauti. Akaichukua simu mkononi mwangu, taratibu.

"Mama aliandika alichokiona kwa macho yake," akasema. "Mnataka nimzike mara ya pili? Nirudishieni mswada wetu. Khalas."

Akanirudishia simu, akaenda kumimina kahawa.

Mswada umerudi jana. Wengi mnaniuliza kitabu kitatoka lini. Sijui! Hatuna mchapishaji. Tuna maneno yake, tuna michoro yangu, na kaa hana kofia.

Na nyinyi mnaopost picha zake leo, "hazina ya taifa", "mama wa watoto wetu". Mlikuwa wapi alipokwenda skuli moja baada ya nyingine na mkoba wa vitabu, akaambiwa aviache hapo kwa mlinzi? Mliosoma hata kurasa mbili za vitabu vyake hamfiki kumi. Nina hasira, na sitoomba radhi.

Lakini hasira kubwa ni yangu mimi mwenyewe.

Bi Luba, mwezi huu wote uliniomba nikupeleke ufukweni Ashkhara, uone shakwe wanavyoiba dagaa walioanikwa. Ulishanunua daftari jipya. Mimi nikakwambia wiki ijayo, nina deadline. Wiki ya pili nikakwambia vile vile. Wiki ya tatu hukuuliza tena, ukanambia tu, "Usijali mwanangu, shakwe hawaendi popote."

Ile deadline yenyewe ilikuwa kipeperushi cha kuegesha magari. Kilishatupwa.

Nisamehe. Shikamoo, Bi Luba, kwa mara ya mwisho, na hii naijua haina marahaba. Ulale salama, mamangu.