Mfuniko wa Injini ya Mzee Amsi

Jamani, sasa naona aibu kuitwa fundi hapa Karatu. Mzee Amsi wa Buger aliniletea mfuniko wa injini ya gari lake la zamani, wa alumini, niutoe rangi. Tangu sabuni iadimike madukani, mke wangu huipika mwenyewe. Nikachukua magadi yake makali ya kupikia sabuni, nikayakoroga na maji, nikaulowesha humo ndooni tangu Jumamosi.

Jumatatu mzee alipoufuata, nilichokoa ndoo kwa fimbo. Hamna kitu! Nikamvamia jirani yangu Boay, mchomeleaji, mbele ya wateja wake.

"Mwizi mkubwa wewe! Rudisha mfuniko wa watu!"

"Nimwibie baba mkwe wangu?" Boay alifoka, akaja hadi kwangu akaipiga ndoo teke.

Likamwagika tope jeusi pamoja na kipande chembamba kama jani, kimejaa matundu. Magadi yalikuwa yameula mfuniko.

Mzee Amsi akakitazama. "Mwanangu, nilisema utoe rangi."