Dele la Bakari Kwenye Mnada wa Mavuno

Heri niiseme aibu hii mwenyewe, maana nikinyamaza wataisimulia wengine na watatia chumvi, nayo haihitaji chumvi, yenyewe inawasha vya kutosha. Mimi Yona, mzee wa mvi na meno machache, nilisimama kanisani siku ya Mavuno nikawapungia watu mkono kama mheshimiwa, nikishangiliwa kwa kutoa sadaka kitu ambacho si changu.

Lakini nianze na baridi, kwa sababu bila baridi haya yote yasingekuwa.

Watu wa bara hucheka wakiambiwa Mombasa kuna baridi. Waache wacheke. Kikishaingia kipupwe, mwezi wa saba hivi, upepo unapita vichochoroni huku Mji wa Kale unatafuta shingo ya mtu, manyunyu yanaanguka kidogo kidogo yanakoma yanaanguka tena, kuta za mawe zinakuwa baridi kama mtungi wa maji, nasi wazee twatoa masweta chini ya vitanda yananuka dawa ya mende. Mimi huo ndio msimu wangu. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri ya moto, mchana nakaa dirishani nachonga mwiko (nilikuwa seremala, sasa nachonga kwa raha tu, mwiko mmoja waweza kunichukua wiki nzima na hakuna anayeungoja), Alhamisi ushirika wa kanisa letu, leo nyumba hii wiki ijayo nyumba ile, twaomba, twaimba, twanywa chai tumebanana kwenye viti na joto la watu latosha. Shule mimi niliacha darasa la tatu, maandiko nasomewa, lakini kwenye nyimbo sauti ya chini ni yangu na hakuna aliyewahi kuninyang'anya.

Na jioni ni baraza la Bakari.

Huyu Bakari ni muuza kahawa, na ni jirani yangu tangu sote tuna nywele nyeusi. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo (katika kichochoro chetu Mkristo ni mimi peke yangu, wakitaka kunielekeza mtu wasema nyumba ya Yona wa kanisa), na jambo hilo halijatugombanisha hata siku moja, kinachotugombanisha ni dhumna, maana Bakari huficha jiwe la sita-sita kama anaficha dhahabu. Lakini kwa kahawa, yakhe, mtu huyu sina wa kumfananisha naye. Anakaanga buni mwenyewe, anatwanga tangawizi mwenyewe, na akishika vile vikombe vidogo mkono mmoja akavigonganisha, kli-kli-kli, hata mtu aliyekuwa na hasira na mkewe anashuka ngazi.

Na kahawa yenyewe inakaa ndani ya dele. Kwa asiyelijua, dele ni birika kubwa la shaba, refu, lenye mdomo kama wa ndege, na chini yake lina mahali pa makaa ili kahawa isipoe. Lile la Bakari alikuwa nalo babake. Analisugua kwa ndimu na majivu mpaka waona uso wako, na hakuwa amemwazima mtu, hata mwanawe wa kumzaa alipotaka kwenda nalo harusini alinyimwa.

Sasa mimi na mdomo wangu. Kwenye ushirika akina mama walikuwa wanapanga vinywaji vya siku ya Mavuno, wakasema chai itatosha, mimi nikajitia, "Baridi hii chai? Mie nitawaletea kahawa ya tangawizi, kahawa ya kweli, ndani ya dele." Wakapiga vigelegele. Nikarudi nyumbani sijui nitamwambia nini Bakari.

Nilimwambia vilevile. Alinitizama sana, akaweka mawe ya dhumna chini.

"Dele hili, Yona?"

"Hilo."

"Wajua hapa jioni watu wanakuja kwa sababu yake?"

"Nalirudisha kabla haijaadhiniwa alasiri."

Akasema, "Haya. Lakini usimpe mtu. Likitoka mkononi mwako liwe laingia mkononi mwangu." Na siku yenyewe akaamka mapema akaipika kahawa yeye mwenyewe, akalijaza dele, akalifunga kwa kitambaa kama mtoto, akanipakia kwenye tuktuk pamoja na makaa na vikombe vyake.

Nikafika kanisani manyunyu yameanza. Makaa na vikombe nikaviacha nje kwa akina mama. Dele niliweke wapi? Mlangoni upepo, kahawa itapoa. Nje mvua. Nikaona pale mbele, pembeni ya meza ya mavuno, kuna kona haina upepo kabisa, nikalisimamisha pale chini karibu na mikungu ya ndizi, nikaenda kuketi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na wakati ule niliona nimefanya akili.

Niwaeleze kidogo Mavuno. Ni siku ya kumshukuru Mungu kwa mazao, kila mtu analeta alichovuna, kisha vinapigwa mnada palepale kanisani na pesa zinakwenda kwenye kazi ya kanisa. Sasa sisi wa kisiwani mashamba hatuna, twavuna Marikiti, mtu ananunua kuku leo anamtoa sadaka kesho, naye yule kuku ananunuliwa na jirani yake. Ni furaha tupu. Mwenye kuuza alikuwa Festo, mwinjilisti wetu, ana sauti ya kuuza hata upepo. Mimi kila mwaka hutoa nazi. Nazi moja. (Nzuri lakini.)

Mahubiri yakawa marefu, sweta langu zito, ubavuni kwangu kakaa mtu mnene ananikinga upepo, na mimi nikalala. Nililala kidogo tu, nikaamshwa na makofi. Nasikia jina langu. Nasikia Festo anasema, "Mzee Yona! Asimame tumwone!" Watu wamegeuka wote, wanacheka kwa upendo, mama mmoja anapiga kigelegele. Mimi nikajua ni ile kahawa, wananishukuru kwa kahawa. Nikasimama, nikapunga mkono upande huu, nikapunga upande ule, nikainama kidogo.

Festo akaendelea, "Mzee tuliyemzoea na nazi yake, leo Roho amemgusa, ametoa dele la shaba!"

Ndipo nikatizama mbele. Dele la Bakari liko juu ya meza, katikati, limewekewa kitambaa cheupe chini yake (mtu mwema aliliona sakafuni akaona halistahili kukaa chini), linang'aa kupita kila kitu mle ndani.

Hapo ningesema. Neno moja tu, "Si langu," yakaisha, tukacheka. Lakini ndugu zangu, mkono wangu ulikuwa bado uko hewani, na mchungaji mwenyewe alikuwa ananipigia makofi, na mimi katika umri wangu wote sijapata kupigiwa makofi na kanisa zima. Nikaketi. Nikajiambia, hakuna atakayelinunua, watu wa siku hizi wana machupa ya plastiki ya chai.

"Nani ataanza?" akauliza Festo.

Mama Neema akainua mkono. Huyu anakaa Kizingo, nyumba ya bustani, mama mkarimu kweli, huwa ananunua hata mahindi yaliyochacha ili kanisa lipate. Akamwambia mwenzake kwa sauti, "Ah, hili nitalitia maua, nilisimamishe pale sebuleni."

Maua! Nikaliona dele la babake Bakari limechomekwa waridi la plastiki. Jasho likanitoka na ile baridi yote. Kabla sijafikiri nikainua mkono nikataja bei juu ya yake.

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Festo akaweka mkono kiunoni. "Mzee Yona, wanunua sadaka yako mwenyewe? Umeshajuta?"

"Nataka... nataka kutoa mara mbili," nikasema. Sijui lilitoka wapi hilo neno. Makofi tena! Mama Neema akafurahi, akaona mzee anamchangamsha, akapanda. Mimi nikapanda. Mfukoni nilikuwa na nauli ya tuktuk na peremende. Akapanda tena, na mimi nikashindwa.

Na hapo ndipo nilipomwona Bakari.

Yuko mlangoni, kofia yake, kikoi chake, sweta lake la kahawia, viatu kavishika mkononi kwa heshima (hakujua sisi twaingia navyo). Ibada ilikuwa imerefuka, aliona mvua na muda unakwenda, akaja kulifuata dele lake mwenyewe anisaidie kubeba. Akatizama meza. Akamtizama Festo ambaye alikuwa anapaza sauti, "Dele la Mzee Yona, mara ya kwanza!" Kisha akanitizama mimi. Nilitamani sakafu ifunguke. Nikasema moyoni, sasa atasema ni lake, na ana haki, na mimi jioni nitakwenda kukaa wapi? Maana nyumbani kwangu hakuna mtu tangu mke wangu alipofariki, mtu wangu wa jioni ni huyu.

Bakari akainua mkono. Akataja bei.

Kanisa lote likageuka. "Karibu shekhe!" akasema Festo kwa furaha. "Tazameni, hata majirani zetu wanaunga mkono kazi ya Bwana!" Makofi. Mama Neema, ambaye anapenda ushindani mzuri, akapanda. Bakari akapanda, uso mkavu kama anacheza dhumna. Akapanda mama, akapanda Bakari, na mimi nimekaa katikati yao nawaona, huyu ananunua mali ya mtu, na huyu ananunua mali yake mwenyewe kwa ajili ya kunisitiri mimi.

Mama Neema akacheka akashusha mikono. "Mpe shekhe, amelipenda kuliko mimi."

"Mara ya kwanza," akasema Festo. "Mara ya pili..."

"Msimuuzie!" Mimi huyo, nimesimama juu ya benchi, sijui nilipandaje na magoti haya. "Msimuuzie! Ni lake! Dele ni lake, la babake, mie nimeazimwa tu, nimeliweka pale lisipate upepo, nikalala, nikasikia makofi, nikapunga mkono!"

Kuku mmoja mezani akasema neno lake. Halafu mchungaji, mtu mzito ambaye hatukuwahi kumwona akicheka, akajishika mbavu, na baada yake kanisa zima, watu wanafutana machozi, wengine wananionyesha mkono, "Alipunga! Huku na huku alipunga!" Mimi niko juu ya benchi na sweta langu, sijui kushuka.

Aliyenishusha ni Bakari, alikuja akanishika mkono. Na aliyeokoa mambo ni Mama Neema, akasimama akauliza, "Shekhe, ndani ya dele mna kitu?"

"Kahawa, mama. Ya tangawizi."

"Basi mie nanunua kahawa."

Bakari akacheka, akalibeba dele mpaka upenuni. Akina mama wakaleta makaa, akayapanga chini ya dele, akachutama pale upenuni kama yuko barazani kwake, akachukua vikombe, kli-kli-kli, na Festo akapiga mnada kikombe kwa kikombe, wa kwanza, wa pili, watu wanapanga mstari wamejikunyata kwa manyunyu. Nami niliyaona yale mambo mawili ninayoyapenda, watu wangu wa Alhamisi na mtu wangu wa jioni, yamekaa mahali pamoja yananuka tangawizi, na nikasahau kidogo kwamba mimi ndiye kichekesho. (Kidogo. Walinikumbusha.)

Tukarudi kwa miguu, dele kalibeba yeye, hakunipa hata nilishike kidogo. Tulipofika karibu na nyumbani nikamuuliza, "Bakari, mbona hukusema ni lako?"

"Ningesemaje? Niingie mahali pa ibada pa watu, niwaambie rafiki yangu amewapa kitu cha wizi? Nyumbani tungeteta, lakini si mbele za watu."

"Na ungelipa na nini?"

Akatembea kidogo. "Hilo ndilo nlikuwa nafikiri, yakhe, huku mkono uko juu."

Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa, wateja wamejaa barazani wanauliza kahawa iko wapi, na Bakari akawaeleza yote palepale, hakubakisha hata kipande. Kanisani alinisitiri, barazani akaniuza. Tangu jioni ile pale jina langu ni Mnada.

Mwaka huu kipupwe kimerudi na Mavuno yako mlangoni. Mimi nimejiapia: nikisikia makofi, kwanza natizama mezani kuna nini, ndipo niamue kama naamka. Na dele siligusi tena. Nilimwambia Bakari hivyo juzi, nikamwambia akina mama wanamwomba kahawa tena, lakini aje nalo mwenyewe.

"Ntakuja nalo," akasema, anapanga mawe ya dhumna. "Na nikishafika ntakaa nalo mapajani, hata mchungaji akiomba."