Kiazi Kilichomezwa Kliniki

Juzi nilimpeleka mwanangu kliniki huku Malangali kupimwa uzito. Kwenye benchi nilikaa na bibi mmoja wa Kasense, amempakata mjukuu wa kama mwaka mmoja aliyeng'ang'ania kipande cha kiazi kitamu.

“Nipe na mimi,” bibi akamwambia, akikinga mikono yote miwili.

Mtoto akampa. Mchezo huu sote tunaujua: unajifanya unatafuna, unasema “mm, kitamu,” unakirudisha. Bibi yule akakitafuna chote, akameza!

Mtoto akaangua kilio. Benchi zima tukapigwa na butwaa.

“Bibi, jamani, umekila kweli?” nikamuuliza.

“Si amenipa?” akajibu, akijifuta midomo. “Kikirudi kila siku, atajuaje kwamba ametoa?”

Akafungua fundo la kanga, akatoa kipande kingine, akampa. Mtoto akakitazama, akamtazama bibi yake, kisha, machozi yakiwa bado mashavuni, akaninyooshea mimi.

Mimi, ninayewashauri watu kila wiki kwenye safu hii, nikajifanya natafuna, nikamrudishia.

Bibi akanikodolea macho kama aliyemfumania mwizi.

“Umeniharibia mtoto,” akasema.