Wiki za Mwisho za Seif na Dumu la Baba Mkubwa

Mume wangu Seif aliacha ukucha wake kwenye kisahani cha sabuni. Ukucha wa kidole gumba cha mguu, mweusi, umeng'oka wenyewe baada ya kukimbia, naye akauweka pale kama mtu aliyevua pete ili anawe. Niliushika nikidhani ni kipande cha sabuni. Sabuni yote niliitupa, na kisahani chake.

Seif anasoma mita za maji hapa Kibaha. Tunakaa Kongowe, mimi ni fundi cherehani. Seif ni mtu wa kawaida kabisa, mpole, hapandishi sauti hata mbwa wa watu wakimchania suruali. Lakini tangu mwaka juzi ameingiwa na kitu kinaitwa triathlon: unaogelea baharini, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia, yote siku moja, tangu alfajiri hadi jua linazama, na hakuna anayekufukuza. Mashindano yenyewe ni Bagamoyo, na wakati ninaousimulia zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Wiki hizo ndizo zilizonichafua roho. Hakuna siku ya kupumzika kama binadamu, kwa sababu anasema akikatisha mwishoni, miezi yote imekwenda bure. Kuogelea anakwenda Mbwawa, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Ng'ombe wanaingia upande huu wanakunya, Seif anaingia upande ule anaogelea. Anarudi na utando wa kijani masikioni, ananuka zizi, halafu anataka kunikumbatia. Jumamosi anakwenda na baiskeli hadi kwenye vilima vya Kisarawe na kurudi, amevaa kaptula ya kubana yenye sifongo katikati kama nepi, miguu ameinyoa, mapaja ameyapaka mafuta ya mgando. Mgongoni amebeba viazi vitamu vilivyopondwa na asali na chumvi ndani ya mfuko wa nailoni. Anang'ata kona ya mfuko, ananyonya huku anakanyaga pedeli. Mfuko ukibaki na mabaki anausahau, na kesho yake mimi nafagia sisimizi chumbani. Nguo anaziloweka kwenye ndoo ya bluu bafuni, nazo anazisahau. Ndoo hiyo siigusi.

Yote haya nimemwambia usoni. Ananijibu, "Vumilia, Raudha, zimebaki siku chache," huku anakwangua chumvi ya jasho shingoni na kuiangalia. Kuiangalia!

Viazi vyenyewe namchemshia mimi, kwa sababu niliyoyaona mwaka jana sitaki kuyaona tena. Mwaka jana, wiki kama hizi, Baba Mkubwa Maulidi, kaka wa marehemu baba yake, alikuja kutoka kijijini kwao Kurui na dumu la dawa. Alikuwa amemwona Seif amekonda, akaamua kuwa amerogwa na mtu wa kazini. Seif hawezi kumkatalia mzee aliyemlea, akanywa. Aliharisha wiki nzima. Bagamoyo alikwenda hana kitu mwilini, na jioni nikamkuta kwenye pikapu ya waandaaji, amelazwa katikati ya viti vya plastiki, analia. Siku tuliyomzika mama yake hakulia vile.

Mwaka huu alikonda zaidi. Kwetu huku mwanaume mwenye kitambi ndiye aliyetunzwa. Akikonda, watu wanaanza kumpa mke wake pole. Jirani yangu Laurensia aliniwekea mkono begani dukani, sauti ameishusha kama yuko msibani. "Shoga, shemeji mbona anaisha? Mmeshapima?" Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa hamu. Kabla ya wiki kwisha, habari ilikuwa imeshafika Kurui.

Ijumaa, baada ya swala, bodaboda ikasimama mlangoni kwetu. Baba Mkubwa akashuka, kanzu safi, kakumbatia dumu la njano.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mkamwana wangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Mgonjwa alikuwa ndiyo kwanza ametoka kukimbia, anachuruza jasho kwenye sakafu niliyoipiga deki. Mzee alimshika mashavu yote mawili, macho yake yakajaa machozi. Hapo ndipo niliponywea, kwa sababu mapenzi ya yule mzee ni ya kweli. Angekuwa mpenda sifa ningemtoa na dumu lake.

Akalifungua. Harufu ilijaza nyumba mpaka kwenye vitambaa vya wateja wangu. Mizizi iliyolowekwa hadi ikachacha, juu povu zito la rangi ya kamasi, na ndani kilikuwa kinaelea kitu chenye manyoya ambacho sikuuliza ni nini. Na dawa ya ukoo wao ina utaratibu wake: hainywewi kwa niaba ya mtu, wala haiachwi ndani kwa ahadi kwamba mgonjwa atakunywa baadaye. Anainywa mgonjwa mwenyewe, na aliyeileta anakaa mpaka aone kikombe kikavu.

"Baba Mkubwa, mimi siumwi," Seif akasema. "Ni mazoezi tu."

"Wote wenye maradhi haya husema hawaumwi," mzee akamjibu kwa upole, akamimina.

Kesho yake ilikuwa safari ya mwisho ndefu ya baiskeli kwenda Kisarawe, ile aliyokuwa akiizungumzia tangu Ramadhani. Seif aliniangalia mara moja, kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Mimi nikaiona tena ile pikapu ya mwaka jana.

Hapa lazima niseme jambo. Tuna miaka sita ndani ya ndoa na hatujapata mtoto. Daktari alitupima wote wawili, akasema haoni tatizo, tusubiri. Jambo hilo nimelifungia mlango. Wifi yangu aliyeniletea mzizi wa kufunga kiunoni alirudi nao Kurui siku ileile. Wananiita mjeuri. Bora wanione mjeuri kuliko mikono yao yote iwe juu ya tumbo langu. Nikiwaza tu, mwili unanisisimka kwa kinyaa.

"Baba Mkubwa," nikasema, "mgonjwa ni mimi."

Mkono wa Seif ukasimama hewani.

"Tumbo langu halishiki mimba. Mwanao anakonda kwa mawazo. Anatoka kukimbia ili asilie mbele yangu."

Seif akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, ule usio na ukucha, akaufunga.

Mzee alinigeukia. Kisha akasema, "Mwanangu, miaka yote hiyo umekaa nalo peke yako?" Akakigeuzia kikombe kwangu. "Hii inaondoa kila kibaya kilichoingia kwenye nyumba. Kunywa. Nitawaambia shangazi zenu kule Kurui, tutakuwa tunakuangalia."

Nikanywa. Haikuteremka kama maji. Iliteleza kooni polepole, nzito na ya uvuguvugu, kama ninameza kamasi za mtu mwingine. Kile chenye manyoya kilinigusa mdomo. Nilipomaliza, mzee alikichungulia kikombe ndani, akamshukuru Mungu, akakijaza tena. Alipokiona cha pili nacho kikavu aliondoka, mabaki ya dumu akaniachia ya kuogea.

Kulipokucha nilikuwa nimepiga magoti chooni, mkono ukutani. Seif alikuja kusimama mlangoni, kofia ngumu kichwani, mapaja yanang'aa kwa mafuta.

"Nibaki?"

"Ukibaki, kilichobaki kwenye dumu utakimaliza wewe."

Hakucheka. "Ungeniacha tu ninywe, Raudha. Sasa hawatakuacha."

"Najua. Nenda Kisarawe. Unanuka."

Akaenda. Nilisikia tairi zake kwenye kokoto mpaka alipoingia barabara kuu.

Nilipoweza kusimama niliiona ndoo ya bluu imeegemezwa ukutani, tupu. Nguo zilikuwa kwenye kamba uani, zimekamuliwa vibaya, zinachuruza. Nikazisogelea nikanusa. Bado zilinuka ng'ombe.

Simu ikaanza kuita. Ilikuwa shangazi wa Kurui, wa kwanza wao. Nikajifuta mdomo, nikapokea, nikamwacha aulize anachotaka kuhusu tumbo langu.