Siku Waliyomwaga Sanduku la Okinyi

Mimi Hajara, ambaye pale yadini wananiita Mama Jalia, ninauza nati, klipu na hozi katika kibanda kilicho langoni mwa yadi ya magari, bondeni chini ya Kyambogo. Ukoo wetu umeuza vyuma Kampala tangu enzi za babu wa babu yangu, na mafundi nimewaona wa kila namna. Kwa hiyo nikisema Okinyi si mwizi, sisemi kwa kumwonea huruma. Nimekaa naye mlango kwa mlango miaka kumi na sita, namjua, na mpaka leo nina hasira.

Okinyi alikuja kutoka Kisumu na sanduku moja la spana na mke wake, Akoth, ambaye siku hizi anauza samaki Ggaba, kando ya ziwa. Ni mtu mrefu, mpole, Jumapili yuko kanisani, Jumatatu yuko chini ya gari. Kazi yake ni magari ya turbo. Ana sharti moja tu: haendeshi gari la mteja. Anasema yeye ni mgeni hapa, likigongwa hana mjomba wa kumtoa polisi. Ukitaka gari lijaribiwe utaendesha mwenyewe, yeye atakaa kando yako na dirisha wazi, akisikiliza.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja kijana anayeitwa Travis na Subaru ya buluu. Amekulia Naguru kwenye nyumba za polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kambini, ndiyo maana kinamtoka bila shida, hasa akikasirika. Gari lake lilikuwa na ile valvu ya kung'aa inayokaa juu ya bomba la turbo. Dereva akiachia mafuta ghafla, upepo uliosukumwa na turbo unakosa pa kwenda, basi valvu inafunguka na kuutoa nje, pshii. Isipofunguka, upepo unarudi kuipiga turbo yenyewe na gari linakohoa, chu-chu-chu. La Travis lilikuwa linakohoa.

Mafundi watatu walikuwa wameshahangaika na skrubu ya juu ya valvu, huyu anakaza, yule analegeza, mpaka kichwa cha skrubu kikaanza kulika. Travis hakumwamini tena fundi yeyote. Valvu aliletewa na shangazi yake kutoka ng'ambo, naye kwa kuogopa kubadilishiwa akaipeleka ichongwe namba ya gari ubavuni, kama tunavyochonga vioo vya pembeni na taa. Kwa hilo simlaumu. Kampala tumeibiwa vya kutosha. Asubuhi ile alivuta tairi kuukuu, akakaa hatua mbili kutoka kwenye boneti ili alinde mali yake. Akailinda kweli, macho kwenye simu.

Okinyi hakuikimbilia skrubu. Aliwasha injini, akaweka kiganja juu ya bomba, akavuta waya wa mafuta kwa mkono na kuachia, akavuta tena na kuachia, akisikiliza kwa vidole. Kisha akafuata kihozi chembamba kinachoivuta valvu ifunguke, akakikuta kimekunjika. Aliyeifunga valvu ile mwanzo aliielekeza upande usiofaa, labda kwa sababu huo ndio upande unaopendeza. Okinyi akalegeza klipu, akaizungusha valvu nusu duara, hozi ikanyooka. Klipu mpya alichukua kwangu. Hapo ndipo aliposhika skrubu: akalegeza robo, akasikiliza, akalegeza robo nyingine, akaifunga kwa nati yake. Wakapanda na gari, Travis akiendesha, mpaka geti la chuo cha Kyambogo, wakarudi. Pshii, safi kabisa. Travis alishuka akitabasamu kama mtu aliyeng'olewa jino bovu.

Okinyi akaenda kunawa mikono. Travis akafungua boneti apige picha valvu yake. Akainama, akatazama ubavuni. Chuma kitupu, hakuna namba.

"Mwizi. Huyu mtu ya Kenya ni mwizi. Ametoa valvu yangu, ameweka feki."

Neno hilo mjini kwetu si la kuchezea. Kuna watu walioitwa hivyo asubuhi na mchana wakawa wamefunikwa shuka. Kabla sijatoka kibandani wanaume ishirini walikuwa wameshamzunguka Okinyi, na mikono yake bado ina sabuni. Wengi wao amewahi kuwaazima spana.

"Haijaenda mahali," Okinyi alisema. "Ni ile ile. Nimeizungusha, namba inaangalia nyuma."

Alisema hivyo mara tatu. Mimi nilimsikia kutoka langoni, wao waliosimama mbele ya pua yake sijui masikio walikuwa wameyaacha wapi. Na ule upande wa nyuma umebanwa na ukuta wa injini, huwezi kuchungulia, kwa hiyo maneno yake wakayaona hadithi.

Akaja Haji Umar, mwenye yadi, na kanzu yake nyeupe na sauti yake ya taratibu. "Okinyi, ndugu yangu, toa tu kitu ya mtoto wa watu, mambo iishe."

Sauti ile ya upole ilinichoma kuliko kelele za wengine. Miaka kumi na sita mtu analipa kodi yako bila kuchelewa, halafu unamwambia atoe.

"Haji, mimi sijachukua kitu ya mtu."

"Basi tuangalie sanduku."

Hawakuangalia. Walilinyanyua wawili, wakaligeuza juu chini. Spana, soketi, koleo, vyote vikaanguka kwenye tope la oili, na mtu mmoja akavitawanya kwa mguu, labda valvu imejificha chini ya bisibisi. Valvu hawakuiona. Okinyi alisimama tu anatazama. Sijawahi kumwona na uso ule, na sitaki kuuona tena.

Nilirudi kibandani mbio nikachukua kioo changu kidogo cha mkononi. Nikawasukuma wale wanaume, maana kuomba njia sikuwa na nafasi, nikakipitisha kioo nyuma ya valvu mpaka nikaungua kidole.

"Soma," nikamwambia Travis.

Herufi zilikuwa zimepinduka, lakini mtu anaijua namba ya gari lake hata likilala kifudifudi. Travis akasoma kimoyomoyo, midomo inacheza.

"Eh, kumbe iko," akasema. "Kale, ssebo, pole."

Kale ssebo ni "haya bwana" kwa Kiganda, na aliyasema kwa sauti ya mtu aliyekukanyaga kidole kanisani. Okinyi akamwambia, "Ulinitukana kwa sauti, watu wakakuja. Sasa waambie kwa sauti."

"Si nimesema pole? Yaishe. Lakini geuza hiyo valvu, namba ikuje mbele nikuwe naiona."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kioo bado kiko mkononi mwangu, na huyu anataka aone namba yake kila asubuhi, yaani bado anamshuku.

"Ikikuja mbele, hozi inajikunja," Okinyi alisema. "Gari itakohoa tena."

"Geuza tu. Ni valvu yangu."

Okinyi akaokota bisibisi moja kwenye tope, akaifuta, akamkabidhi. "Geuza mwenyewe. Mimi siwezi haribu kazi yangu."

Na Travis akageuza, mbele ya watu wote. Akafunga boneti, akaondoka, na gari likapanda kuelekea barabara kubwa likikohoa chu-chu-chu mpaka kwenye kona. Mafundi wakaangua kicheko. Wakampiga Okinyi mabegani, fundi wetu, fundi wa kweli, banange, jamani, huyu kijana mjinga. Mikono ile ile iliyomwaga sanduku ndiyo iliyokuwa inampongeza. Mimi sikucheka, na yeye hakucheka.

"Haya, Okinyi," akasema Haji Umar, "okota vyombo, turudi kazini."

"Sikumwaga mimi, Haji."

Kicheko kikakatika. Haji alimtazama, akatutazama sisi, akakusanya kanzu yake kwa mkono mmoja, akainama, akaokota soketi. Baada ya hapo wengine nao wakainama. Okinyi alipokea kimoja kimoja, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka mahali pake, bila kumwambia mtu asante, na alifanya vizuri.

Walipotawanyika nilikuwa nimechutama kando yake, na nikaona pengo moja kwenye safu. Haikuwepo spana namba kumi na nne, mojawapo ya zile alizotoka nazo Kisumu. Tulitafuta kwenye tope, chini ya magari, mpaka kwenye mtaro wa maji. Hakuna.

"Okinyi, kuna mtu ameichukua," nikasema. "Sema sasa hivi. Mimi mwenyewe nitawaita wote warudi hapa, na wewe uwapigie kelele kama ulivyopigiwa."

Alifunga kifuniko cha sanduku taratibu.

"Wacha, Mama Jalia. Nikisema, watamwaga sanduku ya mtu mwingine."