Maji ya Bahari Niliyomwaga Bafuni

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya kupanda miti ya baharini nililifanya bafuni, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, mlango nimeutia komeo. Nilimwaga dumu zima la maji ya bahari, kisha nikasugua sakafu kwa sabuni ili mama asisikie harufu. Wiki iliyofuata nikamwaga jingine. Usidhani nilikuwa mtundu, rafiki yangu. Nilikuwa mwoga aliyetaka kila kitu kitoke bila doa, na siku hizi naamini woga wa namna hiyo huharibu vingi kuliko utundu.

Limenirudia kwa sababu juzi nilipita mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nikainua macho kwenye roshani yetu ya zamani. Mtu ametandaza zulia pale. Kiyoyozi bado kinadondosha maji, to, to, to, kama kilivyokuwa kikidondosha kwenye ndoo yangu.

Tuliishi pale mimi na mama, ambaye alikuwa muuguzi. Chumba cha chini alikaa jirani yetu, mtu wa pwani ya Kenya, dereva wa familia moja ya Kiqatari. Bosi wake alikuwa mzee ambaye baba yake alivua tasi katika hori dogo, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kaskazini ya mji. Malori ya ujenzi yalipita pale mpaka mchanga ukaziba mdomo wa hori. Maji yakasimama, yakazidi chumvi, mchu, ule mkoko wa majani ya kijivu, ukafa, na samaki wadogo waliokuwa wakijificha kwenye mizizi yake wakatoweka. Mzee alihangaika ofisini hadi akaruhusiwa kulifufua. Afisa alimpa sharti moja: kabla ya kiangazi yeye afisa awe ameona miche ya mchu imesimama. Akikuta tope tupu, hori litafukiwa pamoja na eneo lote.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya Ijumaa. Sisi tukitoka kanisani Abu Hamour, jirani akitoka msikitini, tulikutana chini ya jengo na kupanda pikapu ya mzee. Watu wazima walichimba mchanga kwa makoleo, walinzi na madereva, mama naye suruali kaikunja hadi magotini. Mimi nilibeba chupa za maji ya kunywa na kugawa chapati zilizofungwa kwenye taulo. Karaki, chai nzito ya maziwa, ilitoka kwenye thamosi ikiwa na iliki nyingi. Nakumbuka Ijumaa mdomo ulipofunguka. Maji yaliingia polepole, ya kijivu, yakibeba povu, na nyuma yake vikaja visamaki vyembamba kama sindano. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha kukunja akafuta macho kwa ncha ya kilemba, asijali nani anamtazama.

"Bado," jirani alituambia. "Samaki hafuati mwaliko, hufuata kivuli. Tusipopanda watarudi walikotoka."

Miche nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na roshani na nilikuwa mtoto wa kupanga vitu. Mbegu za mchu zilikuwa kijani, nono kama maharage mabichi. Nilizilaza juu ya tope ndani ya chupa za maziwa zilizokatwa, nikapanga chupa kwa mistari, lebo zote zikitazama upande mmoja. Kila wiki jirani aliniletea dumu la maji ya bahari.

"Changanya na maji matamu, baba. Mwanzo kidogo, kisha uongeze. Wasije wakashtuka."

Mama alisimama mlangoni akiwa amevaa sare yake. "Angalieni mtu huyu! Hisabati haijawahi kumtoa jasho hivi."

"Mwache daktari wetu, dada," jirani akasema. "Daktari, wagonjwa hawajambo?"

Hawajambo, nilijibu, na kwa muda ilikuwa kweli. Halafu asubuhi moja nikakuta majani yana punje nyeupe. Nikalamba moja: chumvi. Nilichukua pamba ya mama nikapangusa jani moja moja. Kesho yake punje zimerudi. Sikujua kwamba mchu hutoa chumvi kupitia majani, kwamba ndivyo unavyopumua shida zake. Niliona ugonjwa, na ugonjwa wenyewe umetoka mikononi mwangu.

Ningeshuka ngazi tu nikauliza. Mpaka leo sijui kwa nini hatua chache zile zilinishinda. Kuuliza kulikuwa sawa na kukiri kwamba daktari hajui. Badala yake nikaanza kumwagilia maji ya kiyoyozi, matamu, safi, na maji ya bahari yakaenda bafuni. Miche ikapendeza ajabu. Majani yalimetameta.

"Mashallah," jirani akasema alipokuja kuipakia. "Hawa wamezaliwa hospitali ya kulipia!"

Tuliipanda Ijumaa ile kwa kamba niliyovuta mwenyewe ili mistari inyooke. Watu walinicheka, nikafurahi kuchekwa. Tuliporudi Ijumaa iliyofuata, mistari ilikuwa imenyooka vilevile, lakini kila jani limekuwa jeusi na kujikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Mama alinishika bega. Mzee aliuliza kama ipo mingine.

Ilikuwapo michache ya akiba, kule roshani. Jirani alipanda nami jioni hiyo kuichukua. Alishika chupa ya kwanza, akatazama majani yangu mazuri yasiyo na punje hata moja. Kisha akachovya kidole kwenye tope, akakilamba. Akaenda ya pili, akalamba. Kiyoyozi kilidondosha kwenye ndoo, to, to, na sikuwa na pa kutazama.

"Mtoto wa chumvi hulelewa kwa chumvi, baba," alisema. Hakupaza sauti.

Simu yake ikalia. Aliyepiga ni yule mzee. Jirani alinigeuzia mgongo, akajibu kwa kile Kiarabu chake cha madereva, na neno lile nililijua hata mimi: "Shams, baba. Shams." Jua. Alimwambia ni jua. Akarudia mara kadhaa, kama mtu anayejaribu kujisadikisha mwenyewe. Kisha akachukua chupa za akiba akateremka, na hatukulizungumza tena.

Miche ile ya akiba ilipandwa, ikafa pia. Msimu wa mbegu ulikuwa umepita, joto likaingia, afisa akaja akakuta tope. Malori yalirudi. Mzee hakwenda kuangalia. Jirani alizidi kunisalimu vizuri kila siku, "Daktari, vipi?", na ningependelea anipige. Mwaka uliofuata alikwenda likizo nyumbani, hakurudi. Sikuwahi kumshukuru, wala kumwambia nilisikia alichosema kwenye simu.

Sikusomea mambo haya chuoni. Nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma usiku na kuua miche mingi. Siku za kazi nakaa mbele ya kompyuta katika ofisi moja The Pearl, kisiwa kilichofanywa kwa mikono ambako kila mti umepandwa kwa kamba. Ijumaa nasimamia kikundi kinachofungua mahori mengine na kupanda mchu. Watu hunisifu kwamba niko makini.

Hori la mzee sasa ni maegesho ya magari. Kwenye kitalu changu miche huonja maji ya bahari tangu majani ya kwanza, na chumvi ikitokea juu yake siipangusi. Nisipojua, nauliza. Namba ya jirani ninayo bado, ila haiiti.