Alikataa Picha ya Mkono

Mwaka jana, kwenye kituo kimoja cha afya pembezoni mwa Temeke, nilikaa benchi moja na mama mjamzito aliyeteleza bafuni na kuvimba kifundo cha mkono. Redio ya mlinzi ilikuwa ikisimulia kwamba watafiti wanajaribu kupiga picha za mifupa kwa mwanga na sauti, bila mionzi. Alipoitwa, akamuuliza mpiga picha za eksirei mlangoni, "Samahani kaka, hiyo isiyo na mionzi mnayo? Namwogopea mtoto."

Jamaa akacheka mpaka akaegemea mlango. "Dada, hiyo wasubirie wajukuu zako. Unapiga hupigi? Watu wanasubiri."

Mama akafunika tumbo kwa mkono uliobaki mzima, akaondoka.

Juzi nimekutana naye Buguruni sokoni, mtoto mgongoni. Mkono umeunga kombo, hata kufunga kanga anasaidiwa.

"Nesi wa kliniki kaniambia picha ya mkono isingemdhuru mtoto," alisema. "Sasa yule kaka alishindwa nini kuniambia?"

Mashine ya mwanga na sauti itafika siku moja, itakatiwa utepe na kupigiwa makofi. Atakayesimama mlangoni ni yule yule.